Kahawa Bora ya Mlima Elgon Yataka Mizani ya Haki na Usiku wa Amani

Askari wengi wa jeshi na wa polisi katika Uganda, hasa wale waliotoka Masaka, Bushenyi, Kasese na Mbale, walisomeshwa kwa gunia la kahawa. Baba aliuza, ada ikalipwa, kijana akapata cheti kilichomfikisha kwenye uandikishaji. Hata hivyo ni wachache kati yetu wainywao kahawa yenyewe. Kambini tunakunywa chai, tena ya maziwa na sukari nyingi, na kahawa tunawaachia wageni wa mahoteli. Labda ndiyo sababu hatuulizi swali ambalo siku hizi mnywaji wa Ulaya na Marekani analiuliza: je, aliyeichuma kahawa hii alilipwa kitu gani?

Swali hilo linatuhusu sisi wenye sare kuliko tunavyodhani, na historia inashuhudia. Mnamo Julai 1975 sakitu kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil. Kufikia mwaka 1977 bei katika soko la New York ilikuwa imepita dola 3 kwa ratili moja, bei ambayo haikuwa imepata kuonekana. Mkulima wa Uganda hakuiona neema hiyo. Kwa sheria alipaswa kuuza kwa Bodi ya Kahawa peke yake, nayo ilimlipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye watoto angelifanya: akatafuta njia ya usiku. Punda, wanawake wenye mizigo vichwani na malori yenye taa zilizozimwa walivuka mpaka kuelekea Chepkube, upande wa Kenya, mahali palipogeuka soko kubwa la magendo kati ya mwaka 1976 na 1978.

Serikali ya Idi Amin ilitoa amri kali dhidi ya wavushaji, na wapo waliopigwa risasi. Lakini yajulikana pia kwamba baadhi ya wakubwa waliopewa kazi ya kulinda mpaka ndio waliovusha kahawa nyingi kuliko wanakijiji wote. Wakati huohuo ndege zilikuwa zikiruka kutoka Entebbe hadi Stansted, Uingereza, kuleta wiski, redio na vitu vya anasa kwa ajili ya askari. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikileta karibu fedha zote za kigeni za nchi. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa katika kantini ililipiwa na mkulima, naye hakuwa na chumvi nyumbani.

Siyasemi haya kuwalaumu vijana wa leo, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa. Nayasema kwa kuwa watu wa milimani hawajayasahau. Mtu mwenye bunduki akisimama karibu na gunia la kahawa, wazee bado hutazamana.

Sasa twende Mbale. Juu ya mji huo umesimama Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Katika mabega ya mlima huo, Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu, hulima kahawa ya arabika. Mashamba yao ni madogo. Familia nyingi hazina hata hekta moja, na katika kipande hicho mibuni, migomba na maharagwe huishi pamoja chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kahawa iliyo nyingi zaidi nchini ni robusta, ambayo asili yake ni misitu yetu wenyewe, lakini arabika ya Elgon ina ladha ambayo wanunuzi wa mbali huisafiria.

Ladha hiyo haitoki mlimani peke yake. Inatoka mikononi. Buni lazima ichumwe ikiwa imeiva, nyekundu yote, na mti mmoja hauivi kwa siku moja. Mchumaji huurudia mara nyingi katika msimu. Buni zikifika nyumbani hutiwa majini: zinazoelea hutolewa, zinazozama humenywa siku hiyohiyo, maana zikilala usiku mzima katika gunia huanza kuoza na harufu yake haitoki tena. Baada ya kumenywa huachwa zichachuke ute uachie, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Haifai kuzianika juu ya ardhi tupu. Hugeuzwa mara kwa mara mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 12 au chini kidogo. Kilo 5 au 6 za buni mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa iliyokobolewa.

Kahawa ya namna hii, ikifika kwa waonjaji, hupewa alama kati ya 100. Ikipata 80 au zaidi, na katika gramu 350 za mfano isiwe na hata punje moja yenye kasoro kubwa, huitwa kahawa teule. Jina hilo kwa Kiingereza lilienezwa tangu mwaka 1974 na Erna Knutsen, mwanamke mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani. Kahawa teule huuzwa kwa bei ya juu kuliko ile ya kawaida. Hapo ndipo jambo la haki linapoingia, kwa maana kahawa inaweza kuwa teule na mkulima wake akabaki fukara yuleyule.

Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanza kuporomoka. Mwishoni mwa mwaka 2001 ratili ya arabika huko New York ilishuka chini ya senti 50 za Kimarekani. Wakati huo wanaushirika wa Mbale walikwisha kuanza jaribio. Mwaka 1998, ndani ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu ambacho kiliundwa mwaka 1954, ulianza mpango wa kutenga kahawa safi na kuilipia zaidi. Mpango huo ukazaa chama chake chenyewe, Gumutindo, jina ambalo kwa Kimasaba maana yake ni ubora wa hali ya juu.

Katika vijiji vya karibu na Mbale, mwaka 2004, kulizaliwa ushirika mwingine wenye historia ya peke yake. J. J. Keki, mkulima wa jumuiya ya Wayahudi wa Uganda waitwao Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akayaona mashambulio ya siku ile. Aliporudi aliwaendea jirani zake Waislamu na Wakristo, akawashawishi wauze kahawa pamoja. Waliuita ushirika wao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na kahawa yao ikapata mnunuzi huko California. Kwa askari ambaye amepelekwa mahali ambapo watu wanauana kwa ajili ya dini, hili si jambo la kupuuza: watu wenye vitabu vitatu tofauti wakipimiwa kwenye mizani moja.

Biashara ya haki, ambayo nembo yake ya kwanza ilitolewa Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa Mexico, inafanya kazi hivi. Kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka zaidi yake. Kwa arabika iliyooshwa ilipandishwa Agosti 2023 kutoka dola 1.40 hadi dola 1.80 kwa ratili. Soko likiwa juu, mnunuzi hulipa bei ya soko. Juu ya hapo huongezwa senti 20 kwa ratili, fedha za ushirika wenyewe, nao wanachama huamua kwa kura: barabara, darasa, mtambo wa kumenyea. Kontena moja la magunia 320 ya kilo 60 huleta kwa njia hiyo zaidi ya dola 8,400.

Bei hizo, hata hivyo, ni za kahawa iliyo tayari kupakiwa melini. Kabla ya kumfikia mkulima hukatwa gharama za kukoboa, za gunia na za safari ndefu ya kwenda Mombasa. Wala nembo haimlindi mtu dhidi ya kila dhoruba. Twin, kampuni ya London iliyokuwa rafiki wa wakulima wa Mbale kwa miaka mingi, ilifilisika mwaka 2019. Na soko linapopanda sana, kama mwanzoni mwa mwaka 2025 ambapo ratili ilipita dola 4, mlanguzi huja na fedha taslimu mlangoni, ilhali ushirika unasubiri mkopo wa benki. Mkulima mwenye mgonjwa ndani hawezi kusubiri. Wapo hata wanaouza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ada inadaiwa Februari na buni hazijawa buni.

Sasa niseme lile ambalo wenzetu wa polisi wanalijua kuliko mwandishi. Adui mkubwa wa buni nyekundu ni mwizi wa usiku. Mkulima akisikia kwamba shamba la jirani limechumwa na wezi, asubuhi huchuma lake lote, mbivu na mbichi pamoja, kwa hofu. Kahawa ile haiwezi kamwe kuwa teule. Kanuni za Kahawa za mwaka 1994 zilikataza kuchuma buni mbichi, lakini ni vigumu kumshitaki mtu ambaye kosa lake ni kuogopa. Doria moja ya miguu katika njia za kijijini, kuanzia Oktoba msimu unapofunguka, huongeza ubora kuliko semina kumi. Na pikipiki iliyobeba magunia ya buni mbichi zenye maji saa nane za usiku yafaa iulizwe ilikotoka, tena bila mkono wa askari kunyooshwa chini ya dirisha. Vivyo hivyo mizani: jiwe lililofungwa chini ya sahani, au ndoano iliyopindwa, humwibia mkulima kilo katika kila gunia, na wizi huo hufanyika mchana kweupe.

Jeshi nalo lina sehemu yake. Kuanzia miaka ya 2013 na 2014, maofisa wa jeshi walipewa kazi ya kugawa miche katika Operesheni ya Kuleta Utajiri, na mamilioni ya miche ya kahawa iligawanywa. Kuna mahali ilipostawi, na kuna mahali ilipofika mvua zikiwa zimekwisha, ikakauka. Mche haupokei amri.

Lakini watu wa Elgon wanawakumbuka askari kwa jambo jingine. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima uliporomoka Bududa ukakifunika kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu wakafa. Askari walipanda kwa miguu na majembe kuchimbua miili. Mteremko uliovuliwa miti haushiki mvua. Mibuni iliyo chini ya kivuli cha miti yenye mizizi mirefu huushika kwa kiasi fulani. Ndiyo maana wanunuzi wa kahawa ya haki hutaka kivuli kisikatwe. Umoja wa Ulaya nao ulitunga kanuni mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inayokataa kahawa itokayo katika msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020. Kila shamba litapaswa kuonyeshwa mahali lilipo. Pale ambapo mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon unapita kati ya mibuni ya mtu na mti wa serikali, na ugomvi wake umedumu miaka mingi, atakayeitwa kwanza ni askari wa zamu, naye atakuta pande zote mbili zimeshika panga na kila upande unamwonyesha jiwe lake la mpaka.