Kigari cha Safari, Watoto Wawili na Ngazi za Michenzani

Mama mkwe wangu anaishi Michenzani, Unguja, ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Safari ya kwenda kwake huanzia Tabata kwa bajaji, ikavuka bahari kwa boti, ikaishia kwa daladala na ngazi. Mwaka juzi tuliifanya na kigari cha kilo 11 tulichozawadiwa mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Sebuleni kilipendeza. Bandarini kilichukuliwa kikapelekwa kwenye mizigo, na Michenzani mume wangu alikipandisha begani, mimi nikimfuata nyuma na mtoto kiunoni na begi la nepi mgongoni. Tulipofika juu Mama aliniangalia nilivyokuwa nahema, akasema, "Mwanangu, kanga zote zile umezipeleka wapi?"

Sasa wa pili yuko njiani, wa kwanza amefikisha kilo 13, na nimemaliza mwezi mzima nikiuliza bei, nikipima kwa futi ya fundi cherehani na kukunja vigari vya watu. Nilichotafuta ni kigari kidogo cha safari kitakachomfaa mkubwa leo na mdogo kesho. Bei nitakazotaja ni za rejareja za Marekani, maana hapa kwetu kila duka lina ya kwake. Nimezigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Anayeagiza mwenyewe aongeze usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Ngazi ya kwanza, ya bei ya chini kabisa, ni vile vinavyokunjika kama mwavuli. Asili yake ni Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 1965 alichukua ujuzi wa kukunja magurudumu ya ndege akautia kwenye kigari cha aluminiamu chenye uzito wa kilo 3 hivi. Wajukuu wa kigari hicho ndio wanaoning'inia leo mbele ya maduka ya Kariakoo. Ughaibuni huuzwa dola 30 hadi 100, yaani shilingi 75,000 hadi 250,000. Ni vyepesi, na kikiibiwa au kikivunjika hulii sana. Lakini kikikunjwa hubaki kirefu kama fimbo, karibu mita nzima, kwa hiyo ndani ya ndege hakiingii na kwenye bajaji kinachungulia nje. Vingi havilazi mtoto. Akisinzia, kichwa kinadondoka kifuani, na safari ya saa mbili inakuwa mateso kwake na kwako.

Ngazi ya pili ni vile vidogo kupita vyote. GB Pockit kiliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness mwaka 2014 kwa kukunjika hadi sentimita 30 kwa 18 kwa 35, yaani mfuko wa kawaida wa sokoni unakimeza. Ndugu yake wa karibu, Cybex Libelle, kina kilo 6 hivi na hukunjika hadi sentimita 48 kwa 32 kwa 20. Vya aina hii huanzia kama dola 200, karibu nusu milioni ya shilingi. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu kigari cha ukubwa huo hukaa miguuni mwako kwenye daladala bila kumuudhi jirani, na kwenye boti hakuna atakayekuambia ukikabidhi. Kasoro yake iko kwenye magurudumu. Ni madogo, ya plastiki ngumu, yenye upana wa kiganja. Kwenye marumaru za uwanja wa ndege au stesheni ya SGR yanateleza vizuri. Kwenye mchanga wa Kigamboni yanazama, na kwenye barabara ya vumbi kila jiwe linamfikia mtoto mgongoni.

Ngazi ya tatu ndiyo inayosifiwa na wasafiri wa ndege. Babyzen YOYO cha Wafaransa kilitoka mwaka 2012. Toleo lake la YOYO2 lina kilo 6.2 na hukunjika hadi sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Bugaboo Butterfly cha Waholanzi kina kilo 7.3, kikikunjwa ni sentimita 54 kwa 45 kwa 23. Vyote viwili vimekatwa kufuata kipimo cha mzigo wa mkononi kinachopendekezwa na IATA, umoja wa mashirika ya ndege, yaani sentimita 56 kwa 45 kwa 25, na vyote vinabeba mtoto hadi kilo 22. Bei ni karibu dola 500, shilingi 1,250,000. Vinasukumika kwa mkono mmoja, vina kivuli kipana, na kiti cha Butterfly kina nafasi ya kumtosha hata mtoto wa miaka minne.

Kabla hujatoa pesa hiyo kwa ajili ya ndege, jiulize ni ndege ipi. Kipimo cha IATA ni pendekezo tu. Kila shirika lina sheria yake. Tena ukitoka Dar kwenda Mwanza au Zanzibar unaweza kupandishwa ATR au Dash 8 ya mapanga, ambazo makabati ya juu ya viti vyake ni madogo kuliko ya Boeing. Kwenye Cessna Caravan za kwenda visiwani na mbugani makabati hayo hayapo kabisa. Kwa upande mwingine, mashirika mengi hukubali kigari cha mtoto mchanga bila malipo na hukipokea mlangoni mwa ndege. Kwa hiyo mwenye kusafiri kwa ndege mara moja kwa mwaka, tena safari isiyo na kituo cha kubadilisha ndege, sioni kwa nini alipe dola 300 za ziada kwa ajili ya kabati.

Hesabu ya miezi nayo nimeifanya. Kigari cha 1,250,000 kikitumika na watoto wawili kwa miaka mitano ni shilingi 20,800 na kitu kwa mwezi. Cha mwavuli cha 150,000 kikidumu miezi kumi tu ni 15,000 kwa mwezi, bado ni nafuu. Cha gharama kinaanza kulingana nacho pale tu unapoweza kukiuza mwishoni. Ukipata nusu ya bei, mwezi unashuka hadi 10,400. Hiyo inataka kigari kilichotunzwa na chenye vipuri, na gurudumu la kigari cha namna hiyo halipatikani kwa fundi wa mtaani. Litaagizwa.

Mtumba ni njia ninayoipenda, ila kwa macho mawili. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ililazimika kutangaza kasoro ya vigari kama milioni 1 vilivyouzwa Marekani, baada ya ripoti 12 za watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinafunguliwa. Wanunuzi walipewa vifuniko vya bawaba bure. Kigari cha zamani kinachofika kwetu ndani ya belo hakiji na taarifa hiyo. Kwa hiyo kikague hivi: pitisha kidole chako kwenye kila kiungo kikiwa wazi, kisha angalia kinavyojifunga. Mkanda uwe unafunga mabega yote mawili, kiuno pande zote mbili na katikati ya mapaja. Kibane breki, kisukume kwa nguvu. Tafuta kibandiko chenye EN 1888, kiwango cha Ulaya, na usome kilo. Sehemu yake moja husimamia vigari vya hadi kilo 15, nyingine vya kuanzia 15 hadi 22. Mwanangu mwenye kilo 13 angebakiza kilo mbili tu kwenye kigari cha kundi la kwanza, kwa hiyo kwangu cha kilo 15 ni pesa ya kutupa hata kikiwa kipya.

Halafu kuna swali la watoto wawili. Muuza duka mmoja alinisisitizia kigari pacha, cha viti viwili kando kwa kando. Vingi vya aina hiyo vina upana wa sentimita 75 hivi, vingine na uzito unaopita kilo 12, na mimi ndiye nitakayekuwa nimejifungua juzi. Vichochoro vya Mji Mkongwe, vyenye baraza huku na huku na pikipiki katikati, haviniruhusu hata kukiwaza. Mtoto mchanga mwenyewe hapaswi kukaa kwenye vigari vingi vya safari mpaka afikishe kama miezi sita au aweze kukaa bila kushikiliwa. Anatakiwa alale mgongo ukiwa umenyooka. YOYO kina kitanda chake cha kichanga, lakini kinauzwa kando, na kinatumika miezi michache.

Hapo ndipo swali la Mama mkwe lilipopata jibu. Mchanga atakaa kwenye mbeleko. Kanga ya doti moja haizidi uzito wa begi tupu, inapanda ngazi za Michenzani bila kulalamika, na mtoto anasikia moyo wa mama yake boti inapoyumba karibu na kisiwa cha Chumbe. Mkubwa ndiye mwenye kigari, kwa sababu ndiye mzito na ndiye anayechoka katikati ya foleni. Mdogo akikua atakirithi. Kanga hiyo hiyo lakini isitumike kufunika kigari juani. Watu wengi hufanya hivyo kumkinga mtoto na mwanga, na joto ndani linapanda haraka bila wewe kuliona. Kivuli cha kigari kifunguliwe, upepo upite, na kama ni mbu, weka chandarua chepesi.

Kwa familia inayoruka kila miezi mitatu na kubadilisha ndege Doha au Addis Ababa, ningesema nunua YOYO au Butterfly, tena mtumba uliotunzwa. Kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi na kuipita kila siku, vigari hivi vyote vya safari ni vya kuepuka. Tafuta chenye magurudumu makubwa, uvumilie uzito. Sisi tumechagua ngazi ya pili, chenye kibandiko cha kilo 22, kwa shilingi 480,000 baada ya kupunguziwa. Dukani nilikwenda na mfuko wa sembe wa kilo 10 na wa sukari wa kilo 3, nikaifunga kwenye kiti kwa mkanda, nikasukuma kwa mkono mmoja hadi barazani, nikashuka ukingo wa barabara, nikarudi. Kisha niliitoa, nikashika mfuko wa sembe kwapani na kukikunja kwa mkono uliobaki. Mara ya kwanza kiligoma. Mara ya nne kilikunjika, nikakitundika begani na mfuko haukuanguka.