Taa ya injini: Si kila namba hudai sensa mpya

DEREVA anayetoka Arusha kwenda Moshi, gari likianza kutetemeka na kukosa nguvu afikapo Kikatiti, wilayani Arumeru, huku taa ya injini ikiwaka, hushawishika kununua mara moja kifaa kilichotajwa na mashine ya kupimia.

Hata hivyo, namba inayosomwa na mashine hiyo hueleza kasoro ilipoonekana, si lazima ilipoanzia. P0340 huhusu umeme wa sensa ya kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini. Hapo waya na plagi yake hukaguliwa kwanza. P0011 ni jambo jingine: kamshafti imetangulia kuliko kompyuta ilivyoamuru.

Katika injini za Toyota zenye mfumo wa VVT-i, kama 1NZ-FE iliyofungwa kwenye Vitz na IST nyingi, kamshafti husogezwa kwa shinikizo la oili inayoongozwa na valvu ndogo ya umeme. Oili ikipungua au ikiwa tope, valvu hiyo hunata. Ndiyo maana fundi makini huchomoa kijiti cha kupimia oili kabla mteja hajachomoa pochi.

Ya kuogopwa zaidi ni P0016. Kamshafti na krenki hazioani, na huenda cheni ya taimingi imerefuka au ilifungwa bila kufuata alama. Ikiruka meno, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Gari lenye namba hiyo, tena likilia cheni wakati wa kuwashwa, lizimwe na kuvutwa hadi gereji, hata kama bado linatembea.