Manamba si tusi

Mpenzi msikilizaji, juzi nilikuwa nimekaa barazani na jirani yangu, mzee mmoja wa hapa Mzinga, Morogoro. Wakapita vijana wawili wanagombana. Mmoja akamwambia mwenzake, "Nitokee hapa, manamba we!" Mzee akakunja uso. Nikamwuliza, "Vipi, mzee wangu?" Akanijibu, "Mimi nilikuwa manamba. Kumbe siku hizi ni tusi?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Ndiyo maana leo nazungumzia majina ya kazi za zamani.

Tuanze na mpagazi. Kabla ya reli, mizigo ya misafara ya Bagamoyo na Tabora ilibebwa na watu, na njia mojawapo ilipita hapa chini ya milima ya Uluguru. Kupagaa ni kubeba mabegani. Anayepagaa ni mpagazi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi akakosa kazi. Hata hivyo jina lake lilikuwa la haki, kwani lilisema alichokifanya.

Kibarua je? Ni barua ndogo. Huko Unguja mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi, akakionyesha ili alipwe ujira wake. Hatimaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la kikaratasi.

Manamba akashushwa ngazi moja zaidi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, ilipona 62 tu. Miche hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga hadi Morogoro, kama Kingolwira, Pangawe na Mazimbu. Mwenye shamba lake nyumbani hakuwa na haja ya kukata mkonge wa mwingine, kwa hiyo watu wakatafutwa mbali: Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. Aliyeandikishwa mkataba alipewa namba, akaitwa kwa namba. Hapo ndipo lilipozaliwa neno "manamba".

Jirani yangu aliletwa kutoka Songea akiwa kijana. Anaeleza kuwa kipande chake kilijaa baada ya siku 30 za kazi, na asipomaliza kipimo chake cha majani yale yenye miiba, siku haikuhesabiwa. Namba yake anaikumbuka hadi leo.

Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, mkonge ndio ulioongoza kwa kuiletea Tanganyika fedha za kigeni. Mwaka 1964 uzalishaji ulizidi tani 200,000. Halafu zikaja kamba za viwandani zisizohitaji shamba, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Manamba wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ndio hawa tunaobanana nao kwenye daladala, na pengine ni wewe unayenisikiliza.

Basi ndugu zangu, kazi ile imekwisha, jina limebaki na watu wanalitupiana kama jiwe. Kama kuna aibu, ni ya yule aliyeona tabu kumwuliza mtu jina lake. Kijana, ukikutana na mzee wa mkonge, mwamkie shikamoo, kisha mwulize anaitwa nani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.