Lubumbashi: Gari kuukuu ikitetemeka kwenye mwendo mkali, sikiliza mbele ya kununua piesi

Kati ya Lubumbashi na Likasi kuna karibu kilomita 120 za lami kwenye barabara ya taifa nambari 1. Ndani ya mji, shofere hawezi kujua vizuri kama gari yake ni mgonjwa, kwa sababu ya msongamano na mashimo. Lakini akiisha kutoka mjini na kufikia kilomita 90 kwa saa, ndipo usukani unaanza kutetemeka mikononi.

Hayo ndiyo yaliyompata shofere mmoja wa njia hiyo, baba wa watoto watano. Gari yake ni ndogo, ya Japani, ya mwaka 2001, iliyopitia bandari ya Dar es Salaam kama magari mengi ya okazio yanayotembea Haut-Katanga. Fundi wa kwanza alimwambia ni amotisere. Akanunua mbili za mbele, mtetemo ukabaki. Fundi wa pili akasema ni rotili. Akabadilisha, mtetemo ukazidi. Pesa aliyoweka kwa minervali ya watoto ikaishia garaji.

Fundi wa tatu, wa komini ya Kampemba, hakufungua kitu. Aliuliza kwanza maswali: mtetemo unaanza kwenye mwendo gani? Unasikika wapi? Unakuja wakati wa kukanyaga freni, ao wakati wa kuongeza mafuta? Ulianza siku gani, na siku hiyo kulifanywa nini kwenye gari?

Majibu ya maswali hayo yanaweza kuokoa pesa nyingi. Mtetemo ukisikika ndani ya usukani, mara nyingi shida iko kwenye magurudumu ya mbele. Ukisikika chini ya kiti, angalia ya nyuma. Ukianza kwenye kilomita 80 ao 90 kwa saa na kupungua ukipita 110, mara nyingi ni magurudumu yasiyosawazishwa, kazi ambayo mafundi wanaita ekilibraji.

Sababu ni hii. Kwenye kilomita 100 kwa saa, gurudumu la gari ndogo linazunguka karibu mara 15 kwa sekunde moja. Kipande cha risasi cha gramu 30 kikianguka kwenye janti, upande mmoja unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, kila mzunguko. Kwenye kilomita 50, nguvu hiyo ni robo tu. Ndiyo maana mjini gari inatulia.

Wakati wa mvua kuna sababu nyingine isiyoomba pesa yoyote: udongo mwekundu unaokauka ndani ya janti. Unaharibu usawa wa gurudumu kabisa kama risasi iliyoanguka. Ndoo moja ya maji na brashi vinatosha.

Mtetemo unaokuja tu wakati wa kukanyaga freni unaonyesha diski za freni zisizo sawa tena. Unaokuja wakati wa kuongeza mafuta na kupotea ukiachilia, unaonyesha kardani, zaidi sana kiungo chake cha ndani. Gari ikitetemeka hata imesimama, injini ikizunguka, tazama mipira inayoshikilia injini ao injini yenyewe. Na mngurumo unaoongezeka na mwendo, kisha kubadilika ukikata kona, mara nyingi ni rulma ya gurudumu.

Kuna mitetemo miwili isiyongoja kesho. Wa kwanza ni ule unaoanza kisha kutoa gurudumu, kwa mfano kwa kwado wa kandokando ya barabara. Simama mara moja na kukaza bulo zote. Hata zikiwa zimekazwa vizuri, ni lazima kuzikaza tena kisha kilomita 50 hadi 100. Bulo zikilegea, gurudumu linaweza kutoka gari ikiwa kwenye mwendo.

Wa pili ni ule unaozidi siku kwa siku, na ambao sasa unasikika hata kwenye kilomita 30, gari ikiyumba kidogo kama inayotembea kwa kuchechemea. Hapo pine inaachana ndani: nyuzi za chuma zimetengana na mpira. Kwa nje inaweza kuonekana nzuri. Lakini inaweza kupasuka wakati wowote, na abiria wakiwa ndani.

Fundi wa Kampemba aliinua gari, akaweka viegemeo chini yake, akazungusha gurudumu la mbele la kuume polepole kwa mkono, akitazama upande wa ndani, ule shofere haoni akizunguka gari yake asubuhi. Kulikuwa na uvimbe mkubwa kama nusu ya yai. Pine hiyo ilinunuliwa ya okazio, yenye mistari mirefu mizuri. Namba nne za mwisho za alama ya DOT zilikuwa 0913: juma la 9 la mwaka 2013. Namba hizo ziko kwenye kila pine, na kuzisoma mbele ya kulipa hakuombi chombo chochote.

Shofere alinunua pine mbili za mbele, zikafanyiwa ekilibraji jioni ile ile. Kesho yake alifika Likasi na abiria wake, usukani ukiwa umetulia. Amotisere za zamani angali nazo ndani ya kofa. Fundi alizikagua: hazikuvuja hata tone moja la mafuta.