Juu ya Mzigo

Mpwa wangu anayeishi Liège alinitumia video ya mume na mke, Wazungu wa makamo, walionunua lori kuukuu la jeshi wakaligeuza nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji ya kuoga, hata dirisha lenye pazia la maua. Nyuma linakokota kigari kidogo, ili wakishaegesha nyumba yao porini wapate cha kuendea sokoni. Hawauzi kitu, hawahami, wanatembea tu. Chini yake mpwa wangu akaandika: “Shangazi, siku moja na Bihambwe watafika hapa.”

Sikumjibu siku ile. Jibu lilikuwa refu kuliko subira ya vidole vyangu kwenye simu, basi nimelileta huku.

Mtoto huyu aliondoka kwetu Bihambwe, katika vilima vya Masisi, Kongo, akiwa na miaka minne. Anachokijua ni kile wanachokijua wageni wote: lori la Fuso linalopanda kutoka Sake kwenda Masisi, limesheheni magunia, na juu ya magunia watu. Kila mwandishi wa habari anayepita lazima aipige picha hiyo. Maelezo yake huwa umaskini, au hatari, au vita. Hatari ipo, barabara ile imenizikisha watu. Lakini zitazame tena picha hizo. Nusu ya watu wa juu wanacheka, na karibu kila mara kuna mmoja anayenyoosha kidole kumwonyesha mwenzake kitu cha mbali. Wana mzigo, wana shida zao, na bado wako matembezini. Wageni hao hao huyaita malisho yetu Uswisi ya Afrika, wakidhani wametusifu.

Lori tulianza kulibadilisha zamani. Fuso hutoka Japani likiwa limeshatumika, usukani uko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva basi anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita gari la mbele haoni linalomjia. Anayekaa kushoto, boyi-shofere, ndiye jicho lake: akisema twende, wanakwenda, akikohoa, breki. Mafundi wa Goma huongeza springi, hujenga ubavu kwa mbao za libuyu kutoka misituni, huchomelea mabomba ya kubeba turubai. Likitoka mikononi mwao halifanani tena na lile lililoshuka melini.

Kupanga mzigo ni elimu. Maharagi na viazi chini, kwa kuwa havisogei. Kabichi juu kabisa, nayo hailaliwi. Fromaji zetu za duara hukaa mbali na bidoni la mazuti, maana fromaji hunywa harufu, na mnunuzi wa Goma ana pua. Chukudu nazo, skuta zetu za mbao za kubebea mizigo, hupandishwa juu, zimelazwa kifudifudi. Goma waliijengea chukudu sanamu mwaka 2009, yenye rangi ya dhahabu. Kwetu hushuka mlima kwa uzito wake na kupanda mlima kwa huruma ya lori. Halafu watu. Kabini huuzwa ghali, na mfanyabiashara aliyeilipia anajua kwamba akitokea mama mjamzito au mzee wa fimbo njiani, yeye ndiye atakayepanda juu, bila kurudishiwa hata faranga moja. Sijawahi kumsikia aliyebisha. Nimewasikia walionuna.

Lakini hayo ni ya kila siku. Lori ninalolililia mimi ni la arusi.

Lilipumzishwa siku mbili kabla, fadhila ambayo mwenye lori hakumpa mtu mwingine yeyote. Vijana waliliosha mtoni hadi ndani ya ubavu, harufu ya mbuzi itoke. Mabenchi ya kanisa yalipangwa kandokando, katikati wakakaa watoto na bidoni za kasiksi, vifuniko vimelegezwa kidogo, kwa sababu pombe ya ndizi iliyozibwa sana hulipuka kabla ya kufika kwa wakwe. Mbele yalifungwa majani ya migomba. Ng’ombe wa mahari hakupandishwa kamwe. Alitangulia kwa miguu na wachungaji tangu alfajiri. Aliyerushwarushwa njia nzima hufika amenywea, na wakwe wana macho.

Baba mdogo, aliyekuwa shofere wa lori hilo, alipiga honi mara tatu kabla ya kila kijiji, akapunguza mwendo hadi mtoto angeweza kulipita kwa miguu. Hapo ndipo wanawake walipoanza. Wimbo ulibadilika kufuatana na kijiji: Kihunde hapa, Kinyarwanda pale, Kiswahili pale ambapo hatukuwa na hakika. Watu walitoka majumbani, wengine wakaparamia wakasafiri nasi vilima viwili, kisha wakashuka kurudi kwao kwa miguu, hawakuwa na shughuli yoyote kule mbele. Vijana wa leo nikiwasimulia hili wananitazama kama ninayetunga.

Usiku, kwa wakwe, turubai lilishushwa na lori likawa chumba cha wasichana. Magodoro chini, mabenchi yamesukumwa pembeni, na bibi mmoja amelala mlangoni pa ubavu wa nyuma kama komeo. Mimi nimelala humo mara tatu. Ukiamka usiku kuna baridi ya milimani, ukungu umeingia chini ya turubai, na pumzi za watu ishirini zinakupa joto ambalo jiko la gesi haliwezi.

Lori la msiba pia lilikuwepo. Hilo halielezwi. Na kuhusu bariyeri za barabarani na vijikaratasi vyake, tulilipa tukapita.

Nirudi kwenye kukokota, maana video ile iliniudhi hasa hapo. Kule lori linakokota kigari chake lenyewe, kwa raha ya wenyewe. Kwetu kukokota kulikuwa sheria. Mvua ikinyesha, udongo wa mteremko wa Mushaki na wa juu kuelekea kwetu hugeuka sabuni. Lori likizama hadi ekseli, la nyuma yake halikuwa na ruhusa ya kupita, hata kama nafasi ipo. Shofere hushuka, huvua viatu, huenda kutazama. Hamsalimii mwenziwe kwanza. Hutazama tairi, ndipo salamu. Abiria wote hushuka, wa malori yote mawili, na wenye nguvu huchimba kwa chepe huku watoto wakileta mawe na matawi ya mikaratusi ya kutandika chini ya tairi. Kisha hutolewa waya wa chuma. Kila lori lilikuwa na wake, umeviringishwa nyuma ya kabini, na lori lisilo na waya lilisemwa vibaya kuliko lisilo na breki. Boyi-shofere husimama na kabari ya mti mkononi, na kila likisogea shibiri moja huisukumia chini ya tairi lisirudi. Watu wote hukaa mbali na waya, maana ukikatika hufyeka mguu.

Malipo hayakuwepo. Aliyekokotwa alipika: ugali, maharagi, fromaji ikiwa imebebwa na mwenyewe ni mkarimu. Wakala pamoja hapohapo kando ya tope. Deni halisi lilibaki kwa lori, hata likiuzwa. Baba mdogo alinunua lori kuukuu la Mercedes, lile lenye pua, na muuzaji alimsomea pamoja na hati majina ya waliowahi kulikokota. Naye aliyarithi.

Wazungu wa malori tuliwaona pia enzi za Zaire. Miaka ya 1970 na 1980 kampuni za Uingereza zilinunua malori ya Bedford ya jeshi, zikaweka viti na mahema, zikawavusha vijana kutoka London hadi Nairobi kwa kupitia Kisangani na Epulu kwenye okapi. Hawakufika Bihambwe, lakini mama yangu, akiwa mwanafunzi, alilikuta moja limekwama kaskazini ya Goma. Alisema walichimba wao wenyewe, wasichana kwa wavulana, wamejaa tope hadi masikioni, na usiku walikula ugali wa watu. Hao sina ugomvi nao. Walikuwa zaidi ya kumi kwenye lori moja.

Ni nini kilichotuharibia? Machi 1993 damu ilianza kumwagika sokoni Ntoto, Walikale, ikapanda hadi Masisi yote, na lugha ya wimbo ikawa jambo la kufikiria kabla ya kuimba. Tangu hapo lori la arusi limekuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria: mwaka huu lipo, mwaka ujao limelala. Pikipiki zikaingia. Juu ya pikipiki unaona kisogo cha motari, basi. Madini nayo. Rubaya, jirani yetu, inasemekana kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na lori la madini halisimami kwa ajili ya mtu. Siku hizi penye tope hutajiwa bei kabla hujatoa mguu kabini. Barabara yenyewe imewahi kubadilishwa kazi: kule Kilambo, Walikale, ndege zilitua juu ya lami kuja kuchukua kasiterite ya mgodi wa Bisie, na malori yakangoja pembeni. Rubaya ilishikwa na waasi wa M23 Aprili 2024, Goma Januari 2025. Mabenchi ya kanisa letu sijui yako jikoni kwa nani.

Hatimaye nilimpigia mpwa wangu. Nilimuuliza wale wawili wanafanyaje wakikwama. Akasema ni rahisi, Shangazi, mbele wana winchi: wanaufunga waya kwenye mti, wanabonyeza kitufe, lori linajivuta lenyewe. Akanitumia na sehemu hiyo. Ni kweli, linajivuta. Mume ameshika kitufe, mke anapiga picha, pande zote mbili za barabara hakuna mtu. Likatoka, wakaufungua waya, wakaondoka.

Wa baba mdogo uko Goma, uani kwake, tangu Mercedes iuzwe vipande vipande. Muuzaji wa vyuma aliutaka akakataliwa. Umefungwa kati ya ukuta na mparachichi, unaanikiwa nguo. Umeacha kutu kwenye mashuka yote ya nyumba ile.