Kabla ya Kununua Baiskeli Nairobi, Pima Mguu Wako

Kila nauli ya matatu inapopanda hapa Nairobi, simu yangu hujaa maswali ya vijana wa kwetu. Wako Kawangware, Kangemi na Dagoretti, wengine wamepanga chumba Kilimani wanne wanne, na kazi zao ziko mjini. Wanataka baiskeli. Huniuliza bei, huniuliza kampuni, huniuliza hata rangi. Sikumbuki hata mmoja aliyeanza kwa kuniambia urefu wa mguu wake.

Vijana hao hao hawawezi kununua kiatu namba 44 hali mguu wao ni 40, hata kikiuzwa bei ya kutupa. Lakini baiskeli huichukua kama mtu anayechukua mwavuli: ikifunguka na kujifunga, basi, mali imepatikana. Hesabu hii ndogo inatosha kuonyesha hatari yake. Ukipiga pedali mzunguko mmoja kwa sekunde, na huo si mwendo wa mashindano, kila goti lako litajikunja na kujikunjua mara 3,600 kwa saa moja. Kama kiti kiko chini kwa sentimita tano tu, goti linapata kosa lile lile mara 3,600 asubuhi na mara 3,600 jioni. Ndiyo maana baiskeli nyingi za wapwani hapa Nairobi, baada ya miezi miwili, huishia kuanikiwa nguo kwenye varanda.

Kwetu kosa hilo husameheka. Mombasa kisiwani ni tambarare, safari ni fupi, na ile Black Mamba ya Kihindi tuliyoizoea, nzito ya kilo 20 na zaidi, isiyo na gia, humbeba mrefu na mfupi bila kulalamika. Baiskeli ile ina heshima yake. Imebeba maji, mikate, samaki na abiria, na kule mpakani Busia ndiyo iliyozaa boda boda kabla ya pikipiki kulichukua jina. Lakini Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na upande wa magharibi ardhi inazidi kupanda kuelekea Karen na Ngong. Mpwani mgeni atahema wiki mbili za kwanza hata akitembea kwa miguu. Mpe Black Mamba aipande Valley Road kutoka pale chini Serena, kisha umuulize habari za magoti yake.

Kwa hivyo gia si anasa hapa. Usihadaike na wingi wake, baiskeli ya gia 21 si bora kwa sababu tu namba ni kubwa. Unachotaka ni gia moja nyepesi ya kupandia mlima ukiwa umekaa kitini, na zingine za kawaida.

Sasa tuje kwenye vipimo. Simama bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya mapaja kikigusa ukuta, kivute juu hadi kibane msamba sawasawa kama kiti kinavyobana. Mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Huo ndio urefu wako wa kuendea sokoni, wala si ule ulioandikwa popote kwamba una futi tano na nusu. Watu wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana miguu kwa sentimita sita au saba. Mmoja kajaaliwa miguu, mwingine kajaaliwa kiwiliwili.

Chukua tarakimu hiyo uizidishe kwa 0.67. Mwenye sentimita 80 atapata 53.6, na hicho ndicho kimo cha fremu kinachomfaa kwa baiskeli ya barabara, kikipimwa kwenye lile bomba linaloshika kiti. Baiskeli za milimani huwa na fremu fupi zaidi na hupimwa kwa inchi au kwa herufi, kwa hivyo hapo tumia jaribio la zamani: simama ukiwa umeipanda baiskeli katikati, miguu yote chini, na kati ya msamba na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole viwili kwa baiskeli ya barabara, na zaidi ya hapo kwa ya milimani. Isipobaki nafasi, irudishe. Utakaposimama ghafla mbele ya matatu utajua kwa nini.

Kisha zidisha urefu ule ule kwa 0.883. Kwa mtu wetu wa sentimita 80 ni 70.6. Hicho ndicho kimo cha kiti, kutoka katikati ya ekseli ya fremu inayozungukiwa na mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Hesabu hii ilipata umaarufu kwa mwendeshaji Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, na ingawa si sheria, inakufikisha karibu sana. Cha kumalizia ni kisigino: kaa kitini, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo tu.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Wengi hukushushia kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, wakidhani wanakuhurumia. Kiti cha namna hiyo ni cha kusimamia, si cha kuendeshea. Maumivu ya mbele ya goti aghalabu hutokana na kiti kilicho chini. Maumivu ya nyuma ya goti, au nyonga kuyumba kushoto kulia kama mashua kwenye kusi, hutokana na kiti kilicho juu mno. Mwombe fundi spana ufanye mwenyewe.

Urefu wa mbele nao una makosa yake, ila hauna hesabu nzuri kama ya kiti. Ukishika usukani, viwiko viwe vimelegea, uzito usilale wote viganjani. Ganzi ya vidole na shingo inayouma ni dalili kwamba fremu ni ndefu kwako. Kipande kinachounga usukani na fremu hubadilishwa kwa kingine kifupi bila gharama kubwa. Fremu yenyewe haibadiliki, na ndiyo sababu nasema ukilazimika kuchagua kati ya kubwa kidogo na ndogo kidogo, chukua ndogo.

Nyingi ya baiskeli zinazouzwa hapa ni za mitumba, na mimi sina ubaya nazo. Fremu nzuri ya Ulaya iliyotumika miaka kumi hushinda ile mpya ya dukani yenye springi mbele na nyuma, inayong'aa kama mapambo ya harusi na kulegea kabla ya mwaka kuisha. Lakini mtumba huja na tabia za kwao. Uingereza na Japani, breki ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia, na ndivyo sisi tulivyozoea. Ujerumani, Ufaransa na Marekani, breki ya mbele iko kushoto. Hakuna anayekuambia. Kijana mmoja wa Kisauni, mtoto wa jirani yetu, alinunua baiskeli nzuri kabisa iliyotoka Ulaya bara. Siku ya tatu akiteremka Chiromo kutoka Westlands, gari likamkatia mbele, akabana mkono wa kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anakamata gurudumu la nyuma. Baiskeli ilisimama, yeye hakusimama. Alivunjika mtulinga, na kofia yake ikapasuka vipande viwili. Daktari alimwonyesha mamake ile kofia bila kusema neno.

Kubadilisha nyaya za breki zikae upande uliouzoea ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua. Fanya kabla hujaondoka sokoni. Na kama baiskeli ni ya Kidachi au ya Kijerumani, zungusha pedali kinyumenyume kwanza: baadhi hufunga breki ya nyuma kwa namna hiyo.

Angalia pia magurudumu. Mpira wa inchi 26 hupatikana kwa kila fundi wa kando ya barabara. Inchi 28 ya Black Mamba si sawa na inchi 28 iliyoandikwa kwenye baiskeli nyingi za Ulaya. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635, ya pili 622, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Soma tarakimu hizo ndogo ubavuni mwa tairi. Na valvu: ile nene kama ya gari hujazwa upepo kwenye kituo chochote cha mafuta, ile nyembamba inataka pampu yake au kichwa cha kuunganishia. Ukikosa kujua haya utajikuta Dagoretti Corner saa mbili usiku ukisukuma.

Dada zetu huniuliza kwa sauti ya chini kama kuna baiskeli ya mtu anayevaa buibui. Ipo, na ni nzuri kwa yeyote. Ni ile fremu yenye bomba lililoshuka chini, unapanda kwa kuvusha mguu mbele ya kiti. Wadachi huendesha hizo wanawake kwa wanaume, na nyingi huja na kifuniko kizima cha cheni na kizuizi pembeni mwa gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe na spoki. Mwenye kanzu anayetoka kazini kwenda Jamia siku ya Ijumaa anahitaji kifuniko hicho hicho. Chini ya kofia vaa ushungi mwembamba usio na pini wala fundo kisogoni, kwa sababu fundo huinua kofia na kuiacha ikicheza.

Kofia yenyewe, tafuta iliyoandikwa ndani EN 1078 au CPSC. Hizo ni alama za viwango vya Ulaya na Marekani. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na kidole kimoja au viwili viingie kati ya ukanda na kidevu. Usinunue kofia ya mtumba. Povu lake huvunjika mara moja tu, na ufa hauonekani kwa nje. Bajeti yako igawe kinyume na desturi: toa kwanza pesa za kofia, taa mbili na kufuli nene, kitakachobaki ndicho cha baiskeli.

Taa nazisisitiza kwa sababu barabara zenyewe hazijatuwaza. Serikali ya kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka 2015, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Mwaka 2022 tulichofunguliwa ni barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo baiskeli hairuhusiwi kuikanyaga. Ngong Road imepata njia ya baiskeli katika sehemu zilizopanuliwa, nayo hugeuka egesho la boda boda na meza za maparachichi. Nashukuru kwa hiyo hiyo. Uhuru Highway sikushauri kabisa.

Na hapa magharibi ndipo pana mfano ambao watu husahau. Ukipita Kangemi na kuendelea hadi Kikuyu, kuna kijiji cha Mai-a-Ihii, ambako David Kinjah amewalea vijana wengi wa baiskeli chini ya kundi lake la Safari Simbaz, akiwafundisha kuendesha na pia kutengeneza. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipelekwa kwake na mamake akiwa mtoto wa miaka kama 12, na baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wengi hukumbuka mataji. Mimi huwakumbusha vijana zile spana.

Ukishanunua, usianze na Jumatatu. Ngoja Jumapili alfajiri, katikati ya mji kukiwa kutupu, uzunguke Kimathi Street na Moi Avenue ukiwa na spana mfukoni. Pandisha kiti nusu sentimita, endesha, shusha, endesha tena. Jaribu breki kila mkono peke yake ukiwa mwendo wa pole. Kisha ipande Valley Road mara moja bila haraka, ushukie nyumbani kwa Ngong Road. Siku ya pili goti likiuma, tazama ni mbele au nyuma, na urudie ile hesabu ya 0.883.