Duara la Kasarani na Njia ya Naivasha: Namna ya Kuitazama Safari

Mtu wa Amukura hahitaji kufundishwa gari ni kitu gani, maana huishi karibu na malango mawili makubwa ya Afrika Mashariki, Busia na Malaba, ambako malori yatokayo Mombasa hupanga safu usiku na mchana yakingoja idhini ya forodha ili yavuke kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Lakini kulijua gari la kazi ni elimu moja, na kuyajua mashindano ya magari ni elimu nyingine, na ndiyo sababu kila inapokaribia wiki ya Safari Rally watu wenye akili timamu hubishana vibandani juu ya nani alimshinda nani katika uwanja wa Kasarani, hali ya kuwa mbio za pale hazikupangwa ili mtu amshinde mtu. Makala haya yakusudia kumweleza anayetaka kuitazama Safari, ama kwa macho yake ama kwa televisheni, yale ambayo jicho lisilozoea huyapita bila ya kuyaona.

Tuanze na taratibu za wiki yenyewe. Safari iliporejea katika Mashindano ya Dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilifunguliwa siku ya Alhamisi mjini Nairobi: magari yaliagwa kwa sherehe katikati ya mji, kisha yakaenda Kasarani, kwenye uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1987, kukimbia mkondo mmoja mfupi wa duara, wa kilomita 4.84, mbele ya umma. Baada ya hapo mji ukaachwa nyuma, na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zikatumika katika Bonde la Ufa, kandokando ya ziwa Naivasha na ziwa Elmenteita, katika mikondo yenye majina ambayo wapenzi wa mchezo huu sasa wanayajua kwa moyo: Loldia, Kedong, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, Malewa na Hell's Gate. Jumla ya mikondo ya mwaka ule ilikuwa kama kilomita 320, yaani duara la Kasarani lilikuwa sehemu moja katika sehemu sitini na sita za mashindano. Na hata hivyo, kwa wingi wa watazamaji na kelele za shangwe, mgeni angalidhani kwamba hapo ndipo penye Safari yote.

Wanaoijua historia ya mchezo huu huona ajabu kwamba Safari ilifunguliwa kwa duara, kwani Safari ilizaliwa kwa kulikataa duara. Yasimuliwa kwamba Eric Cecil, aliyekuwa mmoja wa waandalizi wa mashindano ya magari katika Kenya ya wakati ule, alimwomba binamu yake Neil Vincent ashiriki mbio za kuzunguka njia ya Langa Langa katika Bonde la Ufa. Vincent akajibu kwamba haoni jambo la kuchosha kuliko kuzunguka pale pale, ila kama patapatikana shindano la mtu kuingia garini mwake, kufunga mlango, kwenda nusu ya Afrika na kurudi, basi hilo atalishiriki. Kutokana na maneno hayo, mwaka 1953, kwa munasaba wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, likatokea shindano la kwanza lililopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa magari ya kawaida ya kununuliwa dukani, yaliyopangwa katika madaraja kwa kadiri ya bei zake. Na katika miaka iliyofuata magari ya Safari yakawa yakivuka mipaka ya nchi hizi kupitia barabara zile zile za wasafiri, wafanyabiashara na wachungaji wa ng'ombe.

Mwaka ule ule wa 1953, mjini Melbourne, Australia, watu walifanya kinyume cha Vincent: walizichukua barabara zinazoizunguka bustani ya Albert Park na ziwa lake, wakazifunga, wakazigeuza kuwa uwanja wa mbio. Njia ile, iliyoingizwa katika mashindano makuu ya dunia mwaka 1996, leo ina urefu wa kilomita 5.278, na magari huizunguka mara 58. Manufaa yake ni dhahiri: mtazamaji hununua tiketi, huketi mahali pamoja, na gari lile lile humpitia tena na tena; mwandalizi huweza kuweka vizuizi, madaktari na wazima moto kila kona; na kamera chache hutosha kuonyesha kila kitu. Safari ya kale, iliyoweza kuchukua maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi, haikuwa na hata moja katika hayo. Basi Kasarani ilikuwa mapatano baina ya madhehebu hayo mawili: umma wa mjini ulipewa duara lake siku moja, na Safari ikapewa siku tatu zake nyikani.

Sasa tuingie uwanjani. Magari mawili yaliondoka kwa wakati mmoja, kila moja katika njia yake, na njia hizo zilisukwa hata kila dereva akakimbia masafa yaliyo sawa na ya mwenziwe. Hapa ndipo penye ghalati ya watazamaji wengi. Huyaona magari mawili, wakadhani ni mbio za wawili. Atanguliaye akashangiliwa, abakiye nyuma akazomewa. Lakini kitabu cha waamuzi hakiandiki nani alimtangulia nani; huandika muda wa kila gari peke yake, hata sehemu ya kumi ya sekunde, na muda huo hujumlishwa na muda wa mikondo yote mingine mpaka Jumapili. Aliyeshindwa na jirani yake huenda akawa wa pili katika orodha nzima, ikiwa jirani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Na aliyeshinda huenda akawa wa ishirini, kwa kuwa alipangwa na aliye mzito kuliko yeye. Mwenye kutaka kujua aliyefanya vyema na aiache jozi, aangalie saa.

Jambo la pili la kuangalia ni breki. Nguvu ya mwendo wa gari huongezeka kwa mraba wa kasi yake, na kwa hiyo gari likimbialo kilomita 120 kwa saa huhitaji, ili lisimame, masafa mara nne ya yale lingaliyohitaji likikimbia kilomita 60, sembuse juu ya changarawe legelege, ambako tairi halipati pa kushika. Dereva hodari hujulikana kwa mahali anapopunguza mwendo zaidi ya anavyouongeza: huvunja kasi mapema na kwa kunyooka, huingia kona akitokea ukingo wa nje, huigusa pembe ya ndani, kisha huliachilia gari litoke kuelekea ukingo wa nje tena, kwa sababu njia hiyo huupunguza ukali wa kona. Kwenye udongo utamwona pia akiligeuza gari kwanza upande usiokuwa wa kona, kisha ghafula akalirudisha, ili uzito wa nyuma uyumbe na kulisaidia kugeuka. Ufundi huu, ambao madereva wa Ufini waliupa sifa duniani, humpendeza mtazamaji kwa vumbi lake, lakini gari linaloteleza kupita kiasi hupoteza muda, na shangwe za watu hazirudishi hata nukta moja iliyopotea.

Twaweza kuuliza: ikiwa Kasarani ilikuwa kama kilomita tano tu, ilifaa dereva aihofu? Ilifaa sana, na hesabu ni shahidi. Mwaka 2021 Mfaransa Sébastien Ogier alimtangulia Mjapani Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8 baada ya kilomita 320. Kuzungushwa na gari mara moja katika duara la mjini kungaliweza kula nusu ya tofauti hiyo. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Uswidi walimaliza Safari nzima wakiwa na adhabu zilizolingana kabisa, hata ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo Mehta akapewa ushindi, naye akaendelea baadaye kuwa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tano. Kwa hiyo duara haliwezi kumpa mtu kombe, lakini laweza kumnyang'anya, na dereva mwenye hekima hulikimbia kwa kuhifadhi alicho nacho. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatima yenyewe iko Bondeni. Jumapili ya 2021 Mbelgiji Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa takribani dakika moja, akaingia mkondo wa Loldia, na gari lake likavunjika kiungo cha nyuma kinachozuia mtikisiko. Ikawa mwisho wake. Siku mbili kabla, kijana Kalle Rovanperä alikuwa amenaswa katika mchanga laini wa Kedong, ambao juu huonekana kuwa njia na chini hauna kitu cha kushika. Toyota ilishinda kila Safari tangu 2021 hadi 2025, kwa mikono ya Ogier, Rovanperä na Elfyn Evans, na aghalabu sababu ilikuwa kwamba magari yake yalibaki mazima wakati mengine yamekwisha kuharibika. Zaidi ya hayo, tangu 2024 mashindano yamehamishwa kutoka Juni hadi Machi, msimu ambao mvua ya masika hubisha hodi. Na mtu wa Amukura, aonaye namna barabara ya udongo iliyokuwa ngumu asubuhi igeukavyo kuwa tope la kunata alasiri, ana fahamu ya kuchagua tairi ambayo wahandisi wengi wa Ulaya huja kuitafuta hapa kwa gharama kubwa.

Yabaki nasaha mbili. Ya kwanza ni ya usalama: usisimame ukingo wa nje wa kona wala mahali gari linapotua baada ya kuruka, kwani gari likishindwa kugeuka huenda huko huko, simama juu ya mwinuko, nyuma ya kamba, na umtii mlinzi wa njia hata akiwa kijana kuliko wewe. Ya pili ni ya safari. Basi litokalo Malaba kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 400, hupita Nakuru, Elmenteita na Naivasha kabla ya kufika mjini, yaani abiria wetu aliyekwenda Kasarani aliupita uwanja wa vita ili akatazame gwaride. Mwenye siku moja tu, basi na ashuke Naivasha Ijumaa au Jumamosi, achague kona moja ya mkondo utakaokimbiwa mara mbili, asubuhi na alasiri, aandike muda wa magari matano ya kwanza katika kila mzunguko, na aulinganishe. Ataona ni nani aliyepoteza kidogo wakati njia imekwisha kuchimbika kwa magurudumu ya waliotangulia. Na huyo, kuliko yeyote aliyeshangiliwa Kasarani, ndiye wa kumtegemea Jumapili.